Kifua Changu na Mashine ya Msasa

Msimu mzima wa mvua umepita na sijalazwa kitandani hata siku moja na kifua. Nimengoja uishe kabisa, mpunga ukavunwa, ndipo nikanunua daftari na kuanza kuandika.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo amesimama mbele ya mashine ya msasa, anakohoa, na anajiambia ni mafua tu. Naandika pia kwa ajili ya ndugu yake aliye nyumbani, ambaye ameanza kukisikiliza kikohozi hicho bila kumwambia. Sitaeleza mapafu yanavyofanya kazi, wapo waliosomea. Mimi niliishia kidato cha pili. Nitasema niliyoyaona na jinsi nilivyoyaona, kwa sababu ugonjwa huu ulinigeuza mtu wa kuchunguza, na hilo silijutii.

Tumezaliwa watatu, wote wasichana: mimi Kabula, kisha Ngolo, kisha Limi. Baba alifanya kazi kwenye karasha upande wa Geita, mashine inayosaga mawe ya dhahabu kuwa unga kabla hayajaoshwa. Alirudi nyumbani na kikohozi, na kikohozi hicho hakikumwacha mpaka tulipomzika. Mama aliugua maradhi mengine akamfuata kabla ya mwaka kuisha. Limi alikuwa anajifunza kutembea. Niliacha shule nikaingia katika karakana ya Baba Zuhura, hapa Nyasubi, mjini Kahama, kupiga msasa milango na vitanda.

Miaka ya mwanzo nilipiga kwa mkono. Kisha Baba Zuhura akaleta mashine. Ilikuwa na mota moja na kazi mbili: juu mkanda mrefu wa msasa unaozunguka, ubavuni sahani ya duara iliyobandikwa msasa, na mbele ya sahani meza ndogo ya chuma. Kazi iliyonichukua asubuhi nzima sasa ilikwisha kabla chai haijapoa. Niliipenda. Nilipenda hasa namna mbao ya mninga inavyobadilika ikiguswa na mkanda, rangi nyekundu ikitoka chini taratibu pamoja na mistari yake.

Aliyenifundisha ni Fundi Kapaya, Mnyamwezi kutoka upande wa Urambo. Sisi Wasukuma na wao ni watani, kwa hiyo alinifundisha kwa matusi.

"Msukuma, hiyo kanga utaivaa harusini. Hapa funga nywele, vua bangili, na mikono mitupu. Glovu ikikamatwa na mkanda inaondoka na mkono, na wewe mkono ndio mali yako yote, sura hatuna la kusema."

Aliniambia nizungushe mkanda kwa mkono kabla ya kuwasha umeme, niangalie kama kuna mpasuko na kama mshale wa ndani unaelekea upande wa mzunguko. Meza ikae karibu na sahani kiasi kwamba hata kipande chembamba kisizame katikati. Nisimame kando, mashine ifikie kasi yake ndipo niguse mbao. Na kwenye sahani nitumie nusu moja tu, ile inayoshuka, kwa sababu inaikandamiza mbao mezani. Nusu inayopanda huinyanyua na kuirusha. Kipande kidogo nisikishike kwa vidole bali kwa kibao. Nikimaliza nizime, nisiondoke mpaka isimame yenyewe. Yote hayo niliyashika na vidole vyangu vikawa salama. Kuhusu pumzi hakusema kitu, kwa kuwa hata yeye hakuna aliyemwambia.

Kwa habari ya vumbi tulikuwa na maziwa. Huku kwetu kila mwenye kazi ya vumbi anajua kwamba maziwa yanaosha kifua. Wa karasha wanakunywa, wanaopakia saruji wanakunywa, wanaoshindilia pamba wanakunywa. Baba alikunywa. Baba Zuhura alikuwa mtu mwema. Kila jioni alituletea maziwa, kikombe kwa kila mtu, na hakukosa hata siku moja. Barakoa aliwahi kununua pia. Tulizivaa siku mbili, zikatutia joto, tukazitundika msumarini. Tuliona maziwa yanatosha.

Kikohozi kilianza baada ya mavuno ya mpunga, mwaka wa tatu wa mashine. Kwanza pua iliwasha, macho yakatoa maji. Kisha kila ifikapo jioni kifua kikawa kama kimefungwa kamba mbavuni, na kuna mtu anaivuta kidogo kidogo. Limi ndiye aliyesikia sauti kabla yangu. Alikuwa ameegemea mgongo wangu tukichambua mchele.

"Dada, ndani yako kuna kifaranga."

Nilicheka, nikakohoa, na Ngolo akanyanyua kichwa kwenye daftari lake. Alikuwa kidato cha nne. Alimkumbuka baba kuliko alivyopenda kusema.

Mwili ulibadilika kwa namna nilizoziona nikiwa naoga. Mashimo yalitokea juu ya mifupa ya mabega. Shingo ilikaza kama ya mtu anayejitwisha ndoo saa zote. Nilianza kusema maneno nusu nusu. Nikitaka kusema "leteni maji na sufuria", nilifika kwenye maji nikasubiri. Wateja walidhani nina hasira.

Kapaya hakuacha utani. "Msukuma, kufa haraka. Jana umeingia mninga safi kutoka kwetu. Ukichelewa wateja wataumaliza, nikuzike na paini."

"Ukinizika na paini, Mnyamwezi, nitarudi ning'oe misumari. Nikuuzie."

Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini tangu siku hiyo mbao nzito zilikuwa zimeshafika mezani kwangu kila asubuhi, na sikumwona mtu akizibeba.

Majirani hawakuwa na shaka. Mtoto wa mtu wa karasha akikohoa, jina la ugonjwa linajulikana kabla hajafika hospitali. Wengine walisema ni kifua kikuu, wengine walisema ni kifua cha baba yao, kimeshuka kwa mkubwa na kitashuka kwa wanaofuata. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Sikuogopa kufa kwa kadiri nilivyoogopa hesabu yake: nikiondoka mimi, anayefuata kuwa mkubwa ni Ngolo, na mkubwa katika nyumba yetu haendi shule.

Upepo wa mwezi wa nane ulipoanza kupeperusha mchanga, nilienda hospitali kupima makohozi. Wanaokohoa tuliketi nje, kwenye banda lisilo na kuta, mabenchi yakiwa yametazamana na upepo. Karibu wote walikuwa wachimbaji. Nesi aliniita nyuma ya banda, akanipa kikopo na kunielekeza nikohoe kutoka chini kabisa, kisha akasimama mbali akitazama mawingu ili nisione aibu. Huo ulikuwa wema mdogo, nami naukumbuka. Nilirudi mara mbili. Majibu yalikuwa yale yale: hakuna kifua kikuu. Picha ya kifua nayo haikuonyesha kitu.

Nyumbani habari hiyo haikupokewa kwa furaha niliyotarajia. "Vipimo havikuona vizuri," alisema jirani. Wiki ile niligundua kwamba kikombe cha bluu hakitumiwi na mtu mwingine, wala sahani yenye ufa. Ngolo alikuwa amevitenga vyangu. Aliviosha mwisho, kwa maji yake. Sikumuuliza. Limi ana mapafu madogo, na Ngolo alikuwa anamlinda kama ambavyo ningemlinda mimi. Niliumia hata hivyo.

Nilipewa vidonge vya siku saba na kuambiwa nipumzike. Nikapona. Jumatatu nikarudi kazini na Jumatano kamba ikavutwa tena. Mvua za kwanza zikikaribia, shangazi, dada yake baba, alikuja kunichukua, akanipeleka kwake karibu na Maganzo, akanichemshia mizizi michungu. Siku ya tano nilipanda kilima cha mawe nyuma ya nyumba yake bila kusimama. Shangazi alitangaza kwa majirani wote. Nilikaa wiki tatu nikanenepa. Nikarudi Nyasubi, na siku ya tatu kifaranga kikarudi.

Kwa hiyo nilikuwa na dawa mbili zilizoniponya kabisa, na kikohozi kile kile.

Kisha ikaja siku ya sahani ya mashine. Nilikuwa nalainisha ncha za miguu ya kitanda, nimesimama nilipofundishwa, upande unaoshuka. Kikohozi kilinishika ghafla, cha kukunja tumbo. Mikono iliyumba na mguu wa kitanda ukateleza hadi nusu inayopanda. Sahani iliunyanyua, ikautupa ukutani, na mkono wangu uliokuwa ukiusukuma ukaenda mbele wenyewe. Niliuvuta, lakini ngozi ya vifundo viwili ilikuwa imeshabaki kwenye msasa. Kapaya alizima mashine. Hakutania. Alinifunga mkono kwa kitambaa cheupe na kusema, "Kabula, kikohozi na hii kitu haviwezi kusimama pamoja." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

Jioni Ngolo alibadilisha kitambaa kile. Alikuwa ameshamaliza mtihani wa kidato cha nne, anasubiri matokeo.

"Nitaenda mimi kwa Baba Zuhura," alisema.

"Kufanya nini?"

"Unachofanya wewe."

"Hutaenda."

Hakubishana. Ngolo asipobishana ujue ameshaamua.

Baba Zuhura alinipa ruhusa, nikaenda Shinyanga kwenye kliniki ya kifua. Foleni ilianza alfajiri. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, mabega juu kama yangu, akivuta hewa kupitia midomo aliyoibana.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma. "Duara gani?" Alitaka kujua nimechimba kwenye shimo lipi.

"Shikamoo baba. Sijawahi kushuka duarani. Mimi ni wa mbao."

"Marahaba." Alifikiri. "Mbao nazo zina kifua?"

"Ndilo nililokuja kuuliza."

Alipumua mara mbili kabla ya kuendelea. "Mimi ni karasha. Sasa nikuulize, usiudhike. Jumapili unakohoa?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui.

"Sisi wa karasha vumbi tunarudi nalo nyumbani," alisema. "Jumapili lipo, Krismasi lipo, msibani lipo. Hili langu hata nikihamia Ulaya litapanda ndege na mimi." Wanaume waliotuzunguka walicheka, na kicheko chote kikaishia kwenye kikohozi. Alisubiri kitulie. "Wewe itazame Jumapili yako. Inaweza kukuambia kitu ambacho kwangu haikuniambia."

Waliita jina lake akaondoka akitembea kwa vituo. Sikumwona tena. Nimewahi kuulizwa ni nani aliyeniponya, na huwa sijui nianze na daktari au na yeye.

Zamu yangu ilipofika nilimwambia daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, kwamba nina swali kuhusu Jumapili. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kazi yangu, si kwa jina tu, bali ninasimama wapi, ninashika nini, vumbi linaenda wapi. Tangu nianze kuugua sikuwa nimeulizwa hayo. Kisha akanipa kibomba cha plastiki chenye mshale pembeni.

"Puliza kama unazima moto."

Nikapuliza. Mshale ulisogea ukakwama.

"Utakwenda nacho. Asubuhi na jioni unapuliza, unaandika. Wiki mbili ukiwa kazini, wiki mbili ukiwa nyumbani. Usitumie mizizi, usitumie chochote kipya. Ukizidiwa tu uje mara moja. Nataka kifua chako kijieleze chenyewe."

Sijawahi kupewa kazi iliyonipendeza namna ile. Kwenye kalenda ya ukutani niliandika namba za kibomba, na pembeni nikaandika mbao ya siku hiyo. Limi alijipa kazi yake. Kila jioni alibandika sikio mgongoni kwangu, akisikia sauti anachora kifaranga kwa penseli, asiposikia anaacha patupu. Wiki ya kwanza karakana ilikuwa na oda ya milango ya mninga, na Limi alichora vifaranga mpaka wa Jumamosi. Jumapili alichora kimoja kidogo, akasema hiki amekisikia kwa mbali. Wiki ya pili tulikuwa na meza za paini za shule moja. Nilikohoa, lakini namba hazikuanguka vile. Ijumaa ukaingia mninga tena, vitanda vitatu. Ijumaa ile Limi alichora kuku.

Nilisimama mbele ya kalenda hiyo nikisahau kabisa kwamba mgonjwa ni mimi. Nilikuwa kama mtu aliyeona nyayo na sasa anajua ni za mnyama gani.

Zikaja wiki mbili za kukaa nyumbani. Namba zilianza kupanda, Limi akaacha patupu, patupu, patupu. Jumamosi ya mwisho, mchana, Ngolo alikaa chini kati ya magoti yangu nimsuke. Niligawanya nywele zake kwa kitana. Chini kabisa, kwenye ngozi, kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba. Nikafungua mstari mwingine nikaukuta. Nikatazama nyuma ya sikio. Vumbi la mninga lina harufu yake, na mimi siwezi kuikosea.

"Umekuwa wapi wiki hizi?"

"Kwa rafiki yangu, nilikuambia."

"Rafiki yako anapiga msasa?"

Alijifuta nyuma ya sikio kwa kidole. Kisha akasema, bila kugeuka, "Baba Zuhura angetafuta mtu mwingine. Nashikilia nafasi tu."

"Nimekukataza."

"Dada, wewe ulipoacha shule uliniuliza?"

Kitana kilikuwa mkononi na sikujua nikiweke wapi. Alikuwa na umri uleule niliokuwa nao mimi nilipoacha shule, akazidi kidogo. Kwa hiyo nilimwambia ukweli niliokuwa nao. Nilimgeuza nikampeleka kwenye kalenda, nikamwonyesha wiki ya mninga, wiki ya paini, wiki za nyumbani. Nikamwambia, "Si kifua cha baba. Sikiliza, Ngolo. Baba alikufa kwa jiwe. Mimi naugua kwa mti. Hakikushuka kutoka kwake kuja kwangu, na hakina haja ya kushuka kwako. Kinaingia pale unaposimama."

Alisoma kalenda muda mrefu, kidole kikipita juu ya vifaranga. Jioni kikombe cha bluu kilirudi kwenye vikombe vingine, na Limi alikinywea uji.

Daktari alipoona namba zangu alizichora kwenye karatasi ya mistari. Siku za kazi mstari ulishuka kama ngazi za kisimani. Siku za nyumbani ulipanda. Akaniambia ni pumu, na vumbi la kazini ndilo lililoileta. Mwili wangu umeukataa mninga, akasema, na tangu sasa hata kidogo utautambua.

"Mpaka lini?"

"Kifua kitatulia usipourudia. Ukiurudia, kila mara utakukuta dhaifu zaidi."

Alinipa dawa ya kuvuta, ile watu wanaiita pampu. Shangazi alinipigia simu kuniambia ukianza pampu hutaiacha. Nilimjibu kwamba hata kula nilianza utotoni na sijaacha. Alinuna siku mbili, kisha akatuma kuku.

Sasa ikabaki karakana. Ningeweza kuondoka kimya, lakini mashine ile ilikuwa na watu wengine mbele yake, na mmoja wao alikuwa amerudi nyumbani na vumbi nyuma ya sikio. Nilienda kwa Baba Zuhura nikasimama uani, mlango nikiuacha mbali.

"Shikamoo Baba Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

"Siwezi kuingia." Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasikitika kweli, kisha akasema kile nilichojua atasema.

"Lakini maziwa si nawapa? Sijawahi kukosa."

"Hujakosa, baba. Naomba ya leo uyatoe mapema."

Nilimwomba Kapaya aweke vikombe vitatu vya maziwa bila kufunika: kimoja karibu na mashine, kimoja kwenye meza tunapokula, kimoja mlangoni kwenye kiti cha Baba Zuhura mwenyewe. Kisha apige mninga kwenye sahani kwa muda wa kunywa chai. Mimi nilibaki ng'ambo ya ua, upepo ukitokea mgongoni kwangu. Kapaya alipotoka na vikombe, cha mashine kilikuwa na utando mwekundu kama wa chai ya maziwa iliyopoa. Cha mezani kilikuwa na utando. Cha mlangoni kilikuwa cha waridi.

Baba Zuhura alikishika hicho cha mwisho. "Mimi nakaa pale tangu asubuhi," alisema.

"Unakaa pale tangu mashine ije," alisema Kapaya. "Na haya maziwa, mzee, yanakwenda tumboni. Sisi hatupumui kwa tumbo. Labda Wasukuma."

Hawakubadilisha kila kitu siku ile, lakini walianza. Mashine ilihamishiwa kwenye banda la nje lenye pande mbili wazi. Kapaya alitengeneza boksi la bati chini ya sahani na nyuma ya mkanda, akaunganisha bomba na feni yenye nguvu inayovuta vumbi na kulitia kwenye mfuko wa turubai nje ya ukuta. Mfuko unamwagwa kila jioni, na kabla ya kuwasha mbao inakaguliwa misumari, kwa sababu cheche moja ikivutwa ndani ya unga ule inaweza kuwasha banda. Hakuna tena kufagia kavu wala kupuliza nguo kwa kompresa. Sakafu inanyunyiziwa maji kwanza. Barakoa zilishuka msumarini, zikaletwa nzuri zaidi, zinazoshika uso pande zote. Nguo za kazi zinabaki kazini. Maziwa bado yanakuja kila jioni, yakiwa na kifuniko. Tunayanywa kwa kuwa ni matamu.

Nitasema ukweli kwa anayesoma akitumaini: kwangu hayo yote yalikuja yamechelewa. Mvua zilipokuwa zinaisha nilijaribu siku moja, feni ikivuta, barakoa imenibana mpaka ikaniacha alama. Nilipiga ubao mmoja wa mninga, mmoja tu, nikaitazama ile rangi ikitoka. Jioni Limi alibandika sikio, akachukua penseli. Sikuirudia mashine tena. Kama wewe ndiyo kwanza unaanza kukohoa, tofauti kati yangu na wewe ni hiyo tu, kwamba hujachelewa. Itazame Jumapili yako leo.

Baba Zuhura ana chumba upande wa barabara, kimetengwa na karakana kwa ukuta na ua mzima. Alinipa cherehani humo. Ninashona vitambaa vya sofa na mito. Mwanzoni nilishona vibaya, Kapaya akasema makochi yangu yanakaa kama Wasukuma, mapana na hayana haraka. Sasa wateja wananitafuta. Bado nikisikia sahani ikilia kwa sauti nzito kule bandani najua Kapaya anakandamiza mno na mbao inaungua, na ninampigia kelele dirishani.

Matokeo ya Ngolo yalikuwa yametoka, akachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, safari ya siku nzima. Alisema haendi.

"Nani atakaa na Limi ukizidiwa?"

"Sitazidiwa."

"Ulisema hivyo hata mwaka jana, na hukumaliza hata hiyo sentensi."

Tulivutana wiki nzima. Mwishowe aliniwekea sharti, naye ni mtu wa masharti tangu utotoni. Siku ya safari nilibebe mimi tranka lake kichwani, kutoka nyumbani mpaka stendi, bila kulitua. Nikilitua popote njiani, tunageuka wote tunarudi.

Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi na vumbi la barabarani. Nilivuta dawa yangu kama kawaida, nikakunja kanga kuwa ngata, Limi akanisaidia kunyanyua. Tranka lilikuwa zito. Alikuwa ametia vitabu chini, na nadhani alifanya makusudi. Ngolo alitembea pembeni yangu, akinitazama mabega. Tulipita sokoni, tukapita kwa wauza viazi, tukapanda ule mwinuko kabla ya barabara kubwa, pale ambapo mwaka uliopita nilikuwa nasimama mara tatu nikijidai natazama bidhaa. Nilisikia shingo, nilisikia magoti. Kifua hakikuwa na la kusema.

Nililitua kwenye buti la basi. Ngolo alinitazama mpaka kondakta akagonga bati. Kisha akambusu Limi, akapanda, akafungua dirisha.

Basi lilipoanza kuondoka nilikumbuka mambo yote niliyokuwa sijamwambia. Nikatembea kando ya dirisha nikimwambia sabuni iko chini ya shuka, na asimpe mtu ndoo yake bila jina, na akifika apige kwa simu ya matroni, na shangazi ametia karanga kwenye mfuko mweusi azile kabla hazijalowa. Basi likaongeza mwendo, nami nikaongeza, mpaka nikawa nakimbia, na maneno yalikuwa bado yanatoka, moja baada ya jingine, mpaka nikayamaliza.